Masizi ya Kopo

Waliniita mshauri. Siku nne za mwanzo nilishauri,
ya tano wakanipa pasi ninyooshe suruali.

Vita ni vya mwaka sitini na tisa, karne ile,
lakini askari wa serikali wanavuka mto Malleco
na bunduki ambazo zilikuwa bado hazijazaliwa,
vifungo vya plastiki vikimeta vifuani
kama macho ya samaki wa juzi.

Nikasema: huyu mpiganaji mmemfunga mkanda wa kike.
Ni trariwe. Hufumwa kwa kiuno kinachobeba mtoto.
Don Evaristo akatazama saa yake.
"Nyekundu inapendeza kwenye kamera," akasema.
"Nani atajua?"

Manyoya ya kichwani yalikuja kwa boksi,
ya watu wa kaskazini ya mbali, wenye vita vyao.
Gauni la bibi harusi lilikuwa na zipu.
Na joho la lonko, ambalo babu yangu hakuthubutu hata kulijaribu,
akavikwa muuza petroli wa Curacautín
kwa sababu lilimkaa mabegani.

Filamu ikaja ukumbi wa shule yetu,
mvua ikitwanga bati. Shujaa akaanguka,
fidla zikaomboleza,
na shangazi Llanquitray, safu ya pili, akaangua kicheko:
"Maskini! Amekufa na mimba yake!"
Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Hata padri.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja
sekunde tatu, kona ya kushoto, nyuma ya farasi:
chungu cha chuma cha jikoni kwetu,
walichoazima kwa saini na picha mbili.
Chenyewe kilikuwepo.
Kilitoka mgongoni mwa mtu usiku nyumba zilipochomwa,
na kovu la ubavuni
hakuna mtoto wa kwetu asiyewahi kuliuliza.
Kamera ikakipita bila hodi wala salamu.

Walikirudisha ndani ya gunia.
Fundi wa vifaa, mtu mwema, alikiona kisafi mno;
akakipulizia rangi nyeusi, masizi ya kopo,
ili kionekane kimepitia vita.

Tangu Jumapili nakisugua kwa jivu na mchanga.
Shangazi anamenya viazi, hasemi neno.
Kucha zangu zimeiva weusi.
Chini ya masizi ya kopo
kuna masizi.