Sukari Nisiyoiiba

Kwetu, juu kule kando ya mto Tornio,
madirisha yalikaa uchi.
Asiye na la kuficha, alisema mama,
pazia la nini?
Basi kijiji kizima kilituona tukila uji,
watoto kumi na mmoja, sahani kumi,
mdogo wetu akikomba sufuria.

Redio ilikuwa dhambi. Hereni ilikuwa dhambi.
Dada yangu Taimi alipaka midomo
maji ya matunda ya porini, mara moja tu,
akasuguliwa kwa kitambaa cha vyombo
hadi wekundu ukawa wake kweli.

Lakini usiku, kabla taa haijazimwa,
ukiungama, baba alikuzungushia mkono shingoni.
"Amini," alisema. "Umesamehewa yote,
kwa jina na kwa damu."
Mkono ulinuka utomvu na mbao mbichi.
Nje ya toba, hapana aliyeguswa.

Nilikuwa na miaka saba, dhambi zimeniishia.
Nikasema: Baba, nimeiba sukari.

Na kesho yake tena.
Msimu mzima wa theluji nilikuwa mwizi hodari,
mwizi asiyefungua kabati.

Nilitoka na miaka ishirini na miwili.
Sikubamiza mlango; niliacha tu kwenda,
Jumapili moja, kisha ya pili,
kisha mama akaacha kuuliza.

Siku hizi napekua.
Jehanamu niliitupa kwanza, iliacha harufu:
hadi leo nikivaa hereni
vidole hutetemeka kwenye tundu la sikio.
Nyimbo nimezibakiza. Siziamini,
ila Desemba jua linapogoma kupanda
huwa naosha vyombo nikiziimba,
sauti ya pili, ile ya Taimi.

Juni hii baba amekuja Oulu
kutolewa mtoto wa jicho.
Amelala kwenye kochi langu, jicho moja limefungwa,
na saa tisa za usiku jua limemkalia usoni.
Nimemsikia akiinuka. Akapapasa ukuta.
Akalivuta pazia langu la buluu,
la mshahara wangu wa kwanza,
akalivuta lote.

"Kitambaa kizuri," akasema gizani.

Nikabaki mlangoni, gauni la kulalia na hereni.
"Baba. Ile sukari. Sikuwahi kuiba."

Alikaa kimya mpaka nikadhani usingizi umemchukua.

"Najua," akasema. "Kopo lilikuwa tupu
tangu kabla ya Krismasi."

Akageukia ukuta.

Mzee huyu, ambaye uongo kwake ni moto,
aliliitia lile jina, na ile damu,
usiku baada ya usiku,
juu ya kopo tupu.
Mengine yote nimeyapanga: haya ya kutupa, haya ya kutunza.
Hili nimelishika mkononi hadi asubuhi,
na sijui
niliweke wapi.