Soksi ya Baba

Wiki ya tatu sasa, tangi halina mwenyewe:
lita kumi na tano, changarawe,
jani kavu la mkungu likitoa rangi ya chai.
Kichujio kinavuma. Orawan amekivisha mdomoni
soksi ya marehemu baba,
maana samaki wa mapezi marefu hawezi mkondo.

Baba aliwafuga kwenye chupa za wiski,
karatasi kati ya chupa na chupa
wasionane.
Jioni aliichomoa,
na majirani wa Nonthaburi wakatoa pesa.

Leo anammimina polepole, bakuli likiinama.
Samaki azunguka, akutana na kioo,
atanua matamvua, yu tayari kufa.

"Ni wewe huyo," Orawan amwambia.
Azima taa.
Kichujio chaendelea.