Kilo Moja na Robo Tatu

Mizani iliyonipima ilikuwa ya dagaa:
ya springi, kulabu imepinda, mali ya Ndaki wa Igombe.
Zahanati imefungwa, mkunga yuko msibani.
Wakanifunga kwenye kitenge, wakaning'iniza
kama fungu la kuuziwa jirani.
Kilo moja na robo tatu.
"Huyu ndiye wa miezi tisa?" Ndaki akauliza,
akaigonga mizani kwa kidole, labda imekwama.
Haikukwama.

Mama yangu, Nkwimba, alinibeba mwaka wa mihogo michungu.
Homa ilimpanda kila mwezi ulipoandama,
akaanika dagaa juani huku anatetemeka.
Malaria, daktari ananieleza leo, hupenda kondo la nyuma;
hujibanza mle, njia ya chakula ikabaki nyembamba
kama uzi wa kimia.
Nami mle ndani nikagawa kilichofika,
kama mwenye kibaba kimoja na vinywa sita:
ubongo, wewe kwanza, kula.
Moyo, chukua hiki.
Figo, mtasubiri. Nawe pia, kongosho.

Bado wanasubiri.

Nina miaka arobaini na mitatu. Si mnene.
Chumvi nimeacha, sato namla wa kuchemsha,
mawe ya Mabatini nayapanda kila siku, na ndoo kichwani.
Lakini presha mia na sabini, sukari kumi na nne,
na nesi ananitazama kwa jicho la pembeni:
"Mama, soda unakunywa ngapi kwa siku?"

Soda!
Andika, mwanangu: nilizaliwa na akili ya njaa.
Mwili huu ulifunzwa kuweka akiba
kabla haujafunzwa kulia.
Shibe ilipokuja haukuiamini;
unaficha mpaka leo, unaficha hata pasipofaa,
kama bibi anayefunga noti kwenye pindo la kanga
na noti zenyewe zilishabadilishwa.

Mama simwambii.
Ataanza kuhesabu sahani ambazo hakula.

Binti yangu Holo ana mimba ya miezi sita.
Analala ndani ya neti, vidonge vya kliniki amemeza,
na leo nesi kamlaza, kanyoosha utepe juu ya tumbo:
sentimita ishirini na nne.
"Pima tena," nikasema.
Akapima. Ishirini na nne.

Tumerudi nyumbani, Mama yuko uani, ungo magotini,
anamchagulia Holo dagaa,
mmoja mmoja,
anatoa mchanga.