Swali la Kumi na Saba

Mtihani wenyewe bado wiki tatu.
Huu ni wa mazoezi, wa mwaka nisioukumbuka,
nakala ya nakala ya nakala,
shilingi mia mbili kila ukurasa pale Kasese mjini,
na ukurasa wa saba haukuwamo.
Niliulipia hata hivyo.

Mdogo wangu Masereka ndiye msimamizi.
Amevaa tai ya baba, shati hana,
amesimama mlangoni mwa nyumba hii ya Kilembe
ambayo mgodi uliijenga, kisha ukaisahau.
"Simu zote mezani," anasema.
Simu ni moja, nayo ndiyo saa yetu.
"Anza!" Anagonga kifuniko cha sufuria
na kuku wa mama Nziabake wanatimka uani
kama watahiniwa waliochelewa.

Maswali hamsini, dakika hamsini.
Kabla yangu kuna aliyeyajibu kwa penseli,
akakandamiza mno. Nilifuta kwa kipande cha ndala,
wino wake wa risasi ukatoka, makovu yakabaki,
nayasoma kwa ncha ya kidole.
La tatu, B. La nne, B. La tano alisita:
akakata A, akakata D, akarudi kwa B.
Ndugu yangu wa B, nakusalimu.
Jina lako liko nyuma, Bwambale K.,
na namba ya simu isiyopatikana.

Mara ya kwanza nilipata ishirini na sita.
Mara ya pili, thelathini na moja.
Ya tatu, arobaini na nne! Nikaruka,
nikaona kabisa lango la Makerere,
mimi na faili kwapani, kitivo cha sheria kiko wapi tafadhali.
Mama hakuinua macho kwenye ungo wa maharage.
"Mbambu," akasema, "umejua, au umezoea?"

Swali hilo halina A wala B.

Usiku, Nyamwamba ukisaga mawe yake huko chini,
nikajipima bila karatasi.
La thelathini, C. Kwa nini C?
Kimya.
Niliijua C kama ninavyoijua sura ya mtu wa gulioni
nisiyejua anauza nini.

Basi nikaanza upya, polepole,
kila jibu na sababu yake pembeni,
na pasipo na sababu naandika: sijui.
Nilipata kumi na tisa.
Masereka alinihurumia, akataka kuniongezea mbili.

Kisha likaja la kumi na saba.
Jirani amevunja kufuli ili azime moto
ndani ya nyumba isiyo yake. Nani alipe kufuli?
Karatasi ya majibu inasema A.
Bwambale alisema C, akaizungushia mara tatu,
karatasi ikakaribia kutoboka.
Mimi nami mara tatu nilimfuta nikaandika A,
maana majibu yamepigwa chapa, na yeye ni penseli tu.
Safari hii nililisoma kama barua iliyoandikwa kwangu,
neno, nukta, neno,
mafuta ya taa yakapungua kidole kizima.
Ni C.
Ni C, jamani! Aliyepiga chapa alisinzia.

Nikaipiga ile namba. Haipatikani.
Sijui kama ulipita, Bwambale,
kama leo unavaa joho mahali fulani
au unapakia saruji Hima na vumbi kwenye kope.
Nilitaka tu mtu wa kumwambia.

Sasa pale pametoboka kweli.
Kupitia tundu la kumi na saba
naliona la thelathini na mbili, upande wa pili,
likinisubiri.

"Muda umekwisha! Kalamu chini!"
Nimefika la arobaini na moja.
Masereka anakusanya karatasi moja kwa mikono miwili,
ncha ya tai imeshaonja mchuzi,
anatangaza kwamba kesho ni saa moja kamili
na atakayechelewa haingii.