Maji ya Maua

Mwezi wa tano homa ya dengi ilipanda ngazi zote za Upanga,
nami na tochi, gambuti, na daftari la kata
nikabisha geti la hekalu.
Mtawa Sumedha alinikaribisha kwa Kiswahili cha sokoni,
alichofundishwa na wauza vitunguu wa Kariakoo.

Mapipa yake safi. Mifereji safi.
Nikamulika vikombe vya shaba miguuni pa sanamu:
maua ya juzi, maji ya juzi,
na humo viluwiluwi, vinajikunja, vinajikunjua,
kama alama za mkato zilizokosa sentensi.

"Bhante," nikasema, ndivyo nilivyoelekezwa kumwita,
"hawa ndio wenyewe."
Akachuchumaa. Akavitazama
kama mtu asomaye barua ya deni.
Akanitajia kiapo chake cha kwanza: kutoua.
Nikamtajia Nargis, ghorofa ya pili, ng'ambo ya ukuta,
miaka saba, chembe sahani zake zinashuka
kama maji ya bomba saa mbili usiku.

Feni ilisaga hewa juu yetu.
"Sogea kando kidogo," nikamwambia. "Nitamwaga mimi.
Mimi sijaapa."
Akacheka, si kwa furaha.
"Nikikutuma, mkono wako, nia yangu.
Utaondoka na mzigo wangu
ndani ya begi la serikali."

Akavibeba mwenyewe, kimoja kimoja,
hadi mchangani penye jua.
Sikusikia sala. Nilisikia maji,
kisha mchanga ukinywa.
Alirudi vidole vikimtetemeka.

Nikataka kumpunguzia: niandike "hakuna."
Faini elfu hamsini, na nani angejua?
Akaweka kidole juu ya kalamu yangu.
"Andika ulichokiona.
Leo nimeshavunja kimoja. Usinivunjie cha pili."

Nikaandika: vikombe vitano.
Akalipa kwa simu, akauliza kama risiti naihitaji mimi au yeye.

Siku hizi, nasikia, hubadili maji kila alfajiri,
yai lisipate hata nafasi ya kuwa.
Nargis amerudi nyumbani, amekonda, anadai chipsi.
Na mimi? Nimemwaga madumu mangapi,
Sea View hadi Muhimbili, nikipiga mluzi?
Sisemi nitaacha. Kesho nina mtaa mzima.
Ila magoti yananiuma sasa,
maana kila dumu, kabla sijaliinamisha,
nachuchumaa.