Pantsi Sita

Ujumbe ulitua kwenye simu yangu mie,
maana ya baba ni kitochi.
Binamu Nurudini, kutoka Ohayo,
anaoa Mfungo Sita, anataka pantsi sita
za vijana wa kumsindikiza,
nyeusi, kitambaa kizuri,
vipimo vya viuno hivi hapa,
urefu tutamalizia tukifika.

Mimi ndiye Mwingereza wa nyumba hii.
Kidato cha pili, alama themanini na moja,
mkononi mwa Mwalimu Kihiyo
aliyekata kwa wino mwekundu kila *kala* isiyo na yuu
kama mtu anayeua kunguni.
Kwake pantsi ni nguo ya ndani. Ya nje ni trauza.
Aliandika ubaoni, akapiga mstari,
chaki ikavunjika.

Basi nikamwambia baba: chupi.

Baba akavua miwani.
"Za harusini?"
Za harusini.
"Nyeusi, sita, zifanane?"
Zifanane.
"Na urefu wa chupi unamaliziwaje?"
Hapo sikuwa na jibu.
Akatazama Barabara ya Kumi na Mbili kwa muda.
"Marekani," akasema,
kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Alikata satini. Mpira wa kiunoni aliushona mara mbili,
pindo akazimalizia kwa mkono,
maana fundi Kibwana halipui kazi
hata kwa kisichoonekana.

Alhamisi Nurudini akafungua kifurushi
sebuleni, mbele ya wakwe.

Kimya kile sitakieleza.

Aliyekivunja ni shangazi Mwanahamisi, wa Lesta,
miaka ishirini jikoni mwa hospitali ya Waingereza:
"Fundi hana kosa! Umeandika chupi, umeletewa chupi!"
"Shangazi, Kiingereza gani hicho?"
"Cha wenyewe."
"Wenyewe wako wangapi, na sisi tuko wangapi?"
Wakaingia uwanjani. Kwa huyu chipsi ni za moto, zina siki;
kwa yule ni kavu, za pakiti, zinapiga kelele mdomoni.
Mdogo wangu Hamza akauliza:
"Na mayai mnatia saa ngapi?"

Mie nilikuwa nyuma ya pazia,
alama themanini na moja zinanichoma masikio.

Ndipo ami Mwinyihaji, wa ng'ambo ya Horohoro,
akakumbusha siku aliyomleta mkewe:
"Huyu ndiye bibi yangu," alisema,
nasi tukamtazama binti wa miaka ishirini,
tukampa shikamoo.
Na mwaka aliotuma salamu, *nyanya kaanguka*,
baba akauliza: tenga zima?

Wakacheka, hata wakwe.

Baba hakucheka. Utepe wa kupimia ungali shingoni.
"Sindano mnaiitaje huko?"
Ohayo na Lesta wakajibu pamoja,
neno moja.
"Haya," akasema, "simameni niwapime miguu."

(Zile sita zilibaki kwetu.
Ya kiuno thelathini na sita inamkaa baba vizuri,
ila mkimwuliza atakana.)

Saa nne usiku mama akaita toka uani,
mama mzaliwa wa Wete, miaka thelathini yuko Tanga:
"Hiyo charahani italala lini?"
"Cherehani," baba akasema,
mguu haujatoka kwenye kanyagio.

"Charahani," akasema mama,
akamletea chai.