Donge la Kamba

Watakwambia nyumba ya Garside na Pryce ilianzia juu,
kwenye zulia la Bwana Pryce na moto wake wa makaa,
mwaka wa thelathini na moja, London,
kwa mkopo wa shangazi aliyeuza piano.
Mimi nasema ilianzia huku chini,
penye baridi, karatasi za kaki, na mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Enid Sugden.
Juu waliniita Huko Chini:
"Peleka Huko Chini." Nami nikaitika.

Kitabu cha kwanza, mashairi. Nakala mia tatu.
Zilitoka arobaini na moja, nilizifunga mojamoja,
na moja ikarudi imelowa, pamoja na barua
ya mchungaji aliyeudhika kwamba beti hazina vina.

Bi Garside ndiye aliyesoma. Alisoma akila tufaha,
hata kokwa; ukiona doa la tufaha ukurasa wa sabini,
mwandishi huyo kapata.
Waliokosa niliwafunga pia,
fundo lilelile. Labda nililikaza taratibu zaidi.

Kisha vita. Karatasi kwa kibali, nyembamba
hata neno la nyuma likachungulia mbele.
Usiku wa Mei ghala la Mtaa wa Fenner likaungua,
riwaya elfu kumi na tisa zikapanda mbinguni bila kuhaririwa.
Asubuhi muuza maziwa akaokota mlangoni kwake
kipande cheusi chenye maneno mawili: *na hakurudi*.
Akaniletea. Sikumwuliza kwa nini mimi.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
Bwana Pryce aliwalipa waandishi kwa chakula cha mchana.
Mwanawe akaja na daftari, akasahau kusoma
kitu kingine chochote.
Mwaka wa sabini na nane wenye suti wakahesabu viti,
wakaviacha, wakanunua jina.

Siku ile kijana mmoja mpole alishuka ngazi
akaniuliza kama kuna kitu changu humu.
Nikamwonyesha donge, kubwa kama kichwa cha ng'ombe:
kila kamba iliyofunga mswada ulioingia,
miaka arobaini na saba, nimeifungua kwa kucha,
sikukata hata moja, nikaiunga na mwenzake.

"Kamba tu?" akasema.
"Kamba tu," nikasema,
akanisaidia kulibeba hadi kituo cha basi.